Gari Langu na Mafuta ya Chipsi

Kila asubuhi, kabla sijashika ufunguo, huwa nachungulia kwanza kamba ya nguo ya jirani. Ikiwa tupu, nawasha gari. Ikiwa na mashuka, narudi ndani kunywa chai mpaka mama wa nyumba ile ayaanue, maana mwaka jana tulishafikishana kwa mjumbe wa nyumba kumi kwa ajili ya foronya mbili. Gari langu ni la dizeli, la Kijapani, la mwaka 1996. Jina la kiwanda silitaji. Kiwanda hakina kosa, mwenye kosa ni aliyelinunua. Unafungua swichi, unangoja taa ya koili izime, unapiga stata, linakohoa mara tatu kama babu aliyeamshwa usingizini, linatoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha linatulia na kuanza kutikisa vikombe kabatini.

Binti yangu wa kidato cha tatu ananiambia Ulaya magari haya hayatakiwi tena. Habari kazitoa kwa binamu yake aliyeko London. Huko, tangu Agosti 2023, ukiingia barabarani popote jijini na gari la dizeli lisilofikia kiwango wanachokiita Euro 6, unalipa pauni 12.50 kwa siku. Siyo faini hiyo, ni ruhusa ya kupita tu. Nikapiga hesabu: siku 20 za kazi, pauni 250. Kwa fedha hizo fundi wangu angenipimia nozo zote nne, akanifungia pampu upya, na angebaki na chenji ya kutonirudishia.

Nilipolinunua mwaka 2009 dizeli ilikuwa sifa. “Dizeli haili,” waliniambia. “Dizeli ina nguvu.” Na kweli. Injini ile haina plagi za kurusha cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kuwasha, dizeli ikipulizwa humo inalipuka, na lita moja inakufikisha mbali kuliko lita ya petroli. Hapo sikudanganywa. Nilichofichwa ni kwa nini gari zuri namna ile liliuzwa kwa bei ile.

Sababu nimekuja kuijua baadaye. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha vita na dizeli, akawa anatikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikayafungia mlango malori na mabasi yenye moshi mchafu, na sheria ya nchi yao ya 2001 ya kubana moshi wa mijini ikayafuata hata magari madogo. Sasa mtu wa Tokyo mwenye dizeli kuukuu afanye nini? Akatafuta bandari. Na upande wa pili wa bahari nilikuwa nimesimama mimi, na bahasha yangu ya kaki, nikitabasamu.

Kinachoniuma zaidi ni Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wadhibiti wa nishati, EWURA, wanapotangaza bei kikomo ya mafuta. Mwaka 2022 dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita nilikaa kimya mezani siku nzima, mke wangu akadhani nimefiwa. Zamani watu walikuwa na mbadala wao wa kienyeji: mafuta ya taa yalikuwa rahisi, yakachanganywa kwenye dizeli, na neno “kuchakachua” likaingia mpaka kwenye siasa na ndoa. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, bei zikakaribiana, wachakachuaji wakakosa faida. Waliobaki na kilio ni wenye vibatari.

“Si uweke gesi?” Hiyo naambiwa na kila mtu, hata mhubiri. Gesi tunayo, ya Songosongo na Mnazi Bay, bajaji zinaitumia na teksi zinaitumia. Basi nikaenda kwenye karakana ya kufunga mitungi, nikapanga foleni tangu alfajiri. Kijana akafungua boneti, akatazama, akafunga.

“Mzee, hii dizeli.”

“Najua.”

“Haina plagi. Gesi itawashwa na nini?”

Nikamwambia labda na hasira zangu. Hakucheka, alikuwa na magari kumi na moja nyuma yangu.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Shemeji yangu hana gari, ndiyo maana ana maarifa mengi ya magari. Alinionyesha kwenye simu Wazungu wanaozunguka nyuma ya migahawa kukusanya mafuta yaliyokwisha kupikiwa, tena bure, wakayageuza dizeli. Wanayachanganya na methanoli na kostiki, gliserini inazama chini, juu inabaki dizeli safi ya rangi ya asali. Shemeji akasema sisi kemikali hatuzihitaji, injini za zamani hazichagui chakula. Nilimwamini. Mtu mwenye deni la dizeli huamini chochote.

Nikamwendea kijana wa chipsi pale kona.

“Dogo, haya mafuta yakishatumika mnayamwaga wapi?”

Akanitazama kama niliyemuuliza wanakomwaga hela. “Yakishatumika kivipi, mzee wangu?”

Akanielimisha. Mafuta yanaanza na chipsi. Yakipata rangi yanahamia kwenye kuku. Yakiiva zaidi yanakaangia mihogo. Yakiwa meusi kabisa kuna mama wa samaki mtaa wa tatu, anayanunua.

“Na yanayobaki?”

“Hayabaki.”

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Huko Ulaya kuna taka inayosubiri kuwa mafuta. Huku kwetu mafuta ya kupikia hayajawahi kufikia hadhi ya kuitwa taka.

Hatimaye tulipata dumu la lita 20 kwa mpishi wa ukumbi wa harusi, mtu wa siri, saa nne usiku. Bure haikuwa. Ukijumlisha bei yake, bodaboda na soda ya mlinzi, ilikuwa imebaki shilingi chache tu kuifikia dizeli ya sheli. Tukayachuja kwa kifumbu cha mke wangu, kile cha kukamulia tui, yeye akiwa kitchen party. Tukamimina nusu kwa nusu na dizeli.

Nitasema haki: siku ya kwanza lilikwenda vizuri ajabu. Mlio ulipoa. Moshi ulinukia chipsi, halafu kuku kwa mbali. Pale kwenye taa za Ubungo machinga mmoja alikuja dirishani kuuliza naziuzaje. Mbwa wawili walitusindikiza. Shemeji alikuwa kiti cha mbele anapanga jina la kampuni yetu.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na mvua na baridi kidogo. Kwenye mlima wa Kimara gari likapunguza pumzi, likapunguza tena, likazima. Fundi alikuja na pikipiki, akafungua chujio la dizeli, akaligeuza kiganjani. Mlikuwa na kitu kizito, cheupecheupe, kama samli ya juzi, na katikati yake mabaki meusi ambayo mpaka leo naamini yalikuwa ganda la sambusa. Fundi akanusa.

“Mzee, hili gari unaliendesha au unalipikia?”

Akanieleza nilichopaswa kuambiwa na shemeji. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli, tundu za nozo ni ndogo kuliko za sindano, ndiyo maana wenzetu huyapitisha kwanza kwenye zile kemikali au huyapasha moto. Nozo nne zikafunguliwa zote. Gharama siitaji, mke wangu husoma safu hii. Kifumbu chake kinanuka dizeli, kipo gereji, na kipya nimemnunulia.

Kilichoniudhi ni kugundua kwamba hata ujinga wangu haukuwa mpya. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hii, aliyoibuni Rudolf Diesel, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na hakuna aliyekwama Kimara. Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na wazo hilo, kwa kuwa karanga zinastawi kwenye makoloni yake ya Afrika. Yaani tangu siku ile sisi ndio sheli. Mwingereza naye alikuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga apate mafuta ya kupikia, ardhi ikakauka ikawa kama saruji, na 1951 mradi ukatupwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Kisha ikaja zamu ya mbono kaburi. Mnaukumbuka? Mti ambao wazee waliupanda makaburini ukaitwa dhahabu ya kijani, eti unaota kokote bila maji. Kuota unaota. Kuzaa mafuta ya maana ndiko kunakotaka maji na mbolea, kama mahindi tu. Kampuni moja ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, na 2011 ikafunga virago. Mbegu zake zina sumu, hata mbuzi huwezi kumpa. Wazee waliouita wa makaburini walikuwa wameshatuambia.

Wanaojua wanasema dizeli ya kesho ni kazi ya kiwanda, siyo ya kifumbu. Wafini wanayapitisha mafuta ya mimea na mafuta chakavu kwenye hidrojeni, inatoka dizeli isiyoganda ovyo. Indonesia mwaka 2025 walianza kuchanganya dizeli ya mawese kwa asilimia 40. Vizuri. Lakini mawese hayo hayo ndiyo tunayoagiza huku kukaangia maandazi. Nikiyatia kwenye tanki nitakuwa nashindana na kijana wa chipsi, na nimeshaona nani anashinda.

Gari jipya la dizeli, je? Lile lina chujio la masizi kwenye ekzosti na tanki la pili la maji ya yurea. Fundi aliposikia yurea aliweka spana chini. “Sasa na mkojo tutapimiwa kwa lita?” Nikamweleza ni ya kiwandani. Akasema ndiyo hivyo hivyo, atalikata lile chujio na kuziba ule mrija, kama anavyofanyia wote. Na hao waliotengeneza wenyewe si watakatifu: mwaka 2015 Volkswagen walinaswa na programu iliyofanya gari litoe hewa safi siku ya kupimwa tu, kama mwanafunzi anayechomekea shati mkaguzi akija. Magari kama milioni 11. Tangu hapo Ulaya wameikimbia dizeli. Mwaka 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya yao yalikuwa ya dizeli, na 2024 yalikuwa yamebaki kama moja na ushei katika kila kumi. Ethiopia wao mwaka 2024 walizuia kabisa kuingiza magari madogo yasiyo ya umeme. Mimi umeme wangu wa luku unaisha nikipiga pasi mashati mawili.

Basi nimebandika tangazo kwenye kioo cha nyuma. Jumamosi alikuja mnunuzi kutoka Njombe, mtu mpole, amevaa koti. Bodi hakuitazama. Anataka injini, aifunge kwenye mashine ya kusaga. Nikaliwasha, kamba ya jirani ikiwa tupu, moshi ukatoka, vikombe vikatetemeka ndani. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Dizeli haili,” akasema.

Nikanyamaza. Ametoa milioni nne. Nimemwambia tano, na kifumbu nampa bure.