Makaa Yanaungua, Sufuria Haipo

Nkt! Tangu ukungu ulalie vilima vya Kilungu, jiko haliondoki sebuleni. Pita Nunguni saa mbili usiku ujionee: watu wameshakula, sufuria zimeshaoshwa, na jiko bado jekundu, mtu amelinyooshea mikono. Mkebe mwingine wa makaa umekwenda na hakuna kilichopikwa. Wenzetu wa Kibwezi hawawezi kutuelewa, kwao joto lipo, lakini huku juu na kule Mbooni baridi ya Juni hadi Agosti inaingia mpaka mfukoni.

Na hata tunapopika, makaa tunayapoteza. Hebu niambieni, muthokoi unapikwaje kwenu? Najua. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe makavu vinatupwa sufuriani asubuhi, na moto haupumui mpaka mchana. Kila ukifunua kuchungulia, joto limeruka. Kila ukiongeza maji baridi, unaanza upya.

Kuna mama mmoja jirani yangu, huyo namvulia kofia. Analoweka jioni. Asubuhi anamwaga yale maji, anatia mengine, anachemsha kwa moto mkali mpaka punje zianze kulegea. Halafu anafunika sufuria ikiwa bado inatokota na kuizamisha ndani ya kikapu kikubwa alichokitandika blanketi kuukuu pande zote, juu anakandamiza mto. Makaa yaliyobaki anayafukia mchangani yazimike, ya kesho hayo. Yeye huyo shambani. Akirudi mchana, mvuke unamchoma vidole na muthokoi umeiva. Ila sikilizeni vizuri: maharagwe lazima yatokote kwa nguvu kwanza, dakika 10 au zaidi, la sivyo tumbo litakusema. Na sufuria ijae. Ikiwa nusu tupu, inapoa upesi.

Sasa nani hapa atasema kikapu ni kitu kigeni? Ukambani huku, kwa mama zetu wanaosuka vyondo toka tuwajue?

Makaa yenyewe yanatoka wapi, jamani? Yanatoka Mutomo, yanatoka Ikutha, kule Kitui, kwenye migunga iliyovumilia ukame miaka na miaka. Tanuri letu la udongo linameza kilo 10 za kuni likutemee kilo 1, ukibahatika 2. Nyingine zote ni moshi. Mwezi wa Januari 2018 gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipopiga marufuku biashara ya makaa Kitui, zogo lilikuwa kubwa: lori la makaa likateketezwa, wafanyabiashara wa Limuru wakaja juu. Kuchoma mali ya mtu sikubali, lakini kwenye ile marufuku nilikuwa upande wake na bado nipo. Kinachoniuma ni kwamba sote tulinyoosha kidole Nairobi, tukasema ndiko miti yetu inakoishia, na jikoni mwetu hatukugusa kitu. Lile jiko lenye kauri ndani lipo nchini tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa kwa theluthi hivi, pengine zaidi, ukilinganisha na jiko la bati tupu. Lakini angalia majiko ya mtaa huu: kauri imepasuka tangu mwaka jana, joto linatokea ubavuni, na mwenyewe analalamika makaa siku hizi hayadumu. Mpelekee fundi akutilie kauri nyingine!

Wapangaji wa mji wa Wote, nanyi mna yenu. Shawa ya umeme inakula tokeni kuliko kitu chochote chumbani. Bei ya uniti ya umeme inafuata wastani wa matumizi yako ya miezi 3 iliyopita, na tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa inaishia uniti 30 kwa mwezi. Kwa hiyo maji unayoyaachilia Julai yakupashe mgongo, unaweza kuyalipia mpaka Oktoba.

Lakini hiyo ni pesa, na pesa hutafutwa. Jambo linaloninyima usingizi ni jiko linaloingizwa chumba cha kulala, mlango ukafungwa, dirisha likazibwa kwa matambara. Makaa yanayofifia hayana moshi, ndiyo maana watu wanayaamini. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Unaumwa kichwa kidogo, unalegea, unalala. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa hivyo asubuhi, na watoto ndani. Kila msimu!

Jiko litoke nje kabla hamjalala, hata kama manyunyu yanaanguka. Joto la usiku litafutwe kwenye blanketi, na kwenye dari, hata ya magunia yaliyoshonwa, maana bati tupu linavujisha joto lote la nyumba. Na kama mwenye nyumba amekujengea chumba kisicho na dirisha, niambie leo. Kesho asubuhi twende kwake pamoja, mimi nitabisha hodi.