Ukipumzika Tu, Imeganda

Jirani, laptopu yako ina akili ngapi? Moja, sio? Basi shukuru Mungu, maliza soda yako uende zako. Yangu ina mbili. Ukiiwasha inakuuliza leo unataka nani, Ubuntu au Windows? Halafu inakupa sekunde kumi za kuamua. Mimi huyu niamue kitu kwa sekunde kumi? Mimi ambaye kwa mama ntilie nasimama wali au ugali, wali au ugali, mpaka foleni inanisukuma? Nikizubaa inajichagulia yenyewe. Inachagua Ubuntu. Na hiyo Ubuntu ndiyo iliyonitoa jasho, we acha tu.

Aliyeyaleta haya ni mpwa wangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dodoma. Likizo anakuja kwetu Dar kula na kunikosoa. "Shikamoo anko." Marahaba. Hajakaa vizuri, kashafungua laptopu yangu. "He! Anko bado uko Windows 10? Si walishaiacha hii?" Kumbe bwana tarehe 14 Oktoba 2025 wenyewe Microsoft waliacha kuitolea viraka vya usalama. Bure, yaani. Mwanafunzi wa Dodoma anajua, mimi mwenye mali sina habari. Siku hiyo bila shaka nilikuwa hapa hapa barazani nachapa mkataba wa pango wa mtu.

Nikamwambia basi ipige window mpya, hiyo 11. Akacheka. Akasema 11 inataka kidude kinaitwa TPM 2.0, tena inataka prosesa ya miaka ya karibuni. Prosesa yangu ni ya bei poa, ya mwaka 2014. Nikashangaa sana, maana yule aliyeniuzia Kariakoo aliniapia ni mpya kabisa, kasoro boksi.

"Anko, tuweke Linux. Ya bure."

Hapo nikashtuka. Mtu wa mjini ukimwambia cha bure anashika mfuko kwanza. Nani anagawa kitu bure, na anapata nini? Mpwa akanipa somo. Kuna mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991 alianza kuandika kiini cha huo mfumo akakigawa kwa watu. Halafu mwaka 2004 akaja tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, akaanzisha hiyo Ubuntu juu ya kiini hicho hicho. Yule yule aliyekwenda angani mwaka 2002 kwa nauli yake mwenyewe. Zamani walikuwa wanakutumia mpaka CD kwa posta na stempu wanalipa wao. Nikajifikiria. Mtu anajilipia nauli ya angani, mimi nauli ya Mbagala kwenda na kurudi napiga hesabu usiku kucha. Huyu hawezi kuwa na njaa na laptopu yangu. Weka.

Akachomeka flashi, akamega diski, upande huu Windows na mafaili yangu, upande ule Ubuntu. Nikawa namuuliza kila dakika, mafaili yapo? Yapo anko. Yapo kweli? Yapo. Kufika jioni kioo kimebadilika rangi, kila kitu kimehama sehemu yake, hata kuzima sijui pa kuzimia. Kijana akapanda basi akarudi Dodoma. Kaniachia mimi.

Kesho yake nina mteja, mzee mmoja mwenye nyumba, anataka mkataba. Nachapa. "Mpangaji hataruhusiwa..." Hapo nikanyanyua kichwa kidogo kutafakari, maana mwenyewe ni mpangaji na nilitaka kumtetea mwenzangu. Kurudisha macho, mshale hautembei. Natikisa kidole kwenye padi, wapi. Saa ya juu imesimama. Taarabu niliyoiweka chinichini imeshikwa kigugumizi, inarudia silabi moja, nye-nye-nye-nye, mzee ananiangalia. Nabonyeza hiki, nabonyeza kile, nabonyeza vyote. "Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "unajua kuitumia lakini?" Nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikafa. Mkataba ukafa nayo.

Ikawa ndio mtindo. Inaganda asubuhi, inaganda jioni. Ukienda upande wa Windows, shwari. Ukirudi Ubuntu, nusu saa haiishi imekufa.

Nikaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Fundi hakuuliza kitu. Akaifungua, akasema ni RAM hiyo, bosi, ina vumbi. Akachukua ufutio wa penseli, ule wa watoto wa shule, akasugua miguu ya RAM, akapuliza, akarudishia. Elfu kumi. Kuijaribu akafungua vilivyomo vyote kwa pamoja, gemu, katuni, kikokotoo, watoto wa mtaa mzima wakajaa. Haikuganda mpaka magharibi. "Haina shida hii, bosi." Nikaibeba nyumbani nimefurahi, nikaiweka mezani, nikaenda kumimina chai. Kurudi, imeganda. Sijanywa hata funda.

Kilichoniuma zaidi ni mke wangu. Yeye aliwahi kuwa karani, anachapa kwa vidole vyote kumi, ta-ta-ta-ta-ta, haangalii hata herufi zilipo. Akikaa yeye haigandi. Mara anamaliza kurasa za watu, mara anazipeleka kuchapishwa, mara kashapokea hela. Nikikaa mimi na vidole vyangu viwili, kioo kinakufa. "Mbona kwangu haina tabu?" anauliza, na sauti ile unaijua, jirani, umeoa wewe. Wateja wakaanza kupita mlangoni wanauliza, "Mama yupo?" Nikisema hayupo, lakini mimi nipo, wanasema watarudi.

Nikampigia mpwa. Akaniambia anko, ikiganda bonyeza Caps Lock, taa yake inawaka? Nikamwambia mwanangu mimi taa hiyo hata siijui ilipo. Tukaitafuta kwa simu, bando linateketea. Haiwaki. Akaguna, "Mh. Basi imekufa mpaka kiini." Unaona maneno ya kumwambia mtu mzima usiku?

Akaanza na Windows. Kumbe ile Windows ukiizima haizimi kweli, inajilaza nusu usingizi ili kesho iwake haraka, na diski bado imeishikilia. Kuna mahali unakwenda kuizuia. Nikazuia. Ubuntu ikaganda vile vile. Akasema labda ni mambo ya picha, weka neno nomodeset. Nikaweka. Kioo kikawaka mwanga mkali mpaka mbu wakaja, kuupunguza haukubali, na bado ikaganda. Akanituma nisome daftari la mashine, lile linaloandika kila kinachotokea humo ndani. Kuna amri yake, journalctl, ukitaka la kabla ya kuzima unaongeza -b -1. Nikamsomea Kiingereza chote kile kwa simu, herufi kwa herufi. Mistari inakuja, inakuja, halafu imekatika. Hakuna kosa lililoandikwa. Imeondoka bila kuaga.

Ndipo kijana akauliza swali ambalo, nakwambia, katika safari yote hiyo hakuna aliyeliuliza. Fundi hakuuliza. Mke hakuuliza. Wale jamaa wa kijiwe waliosema ni virusi, ni umeme, ni jicho la mtu, hawakuuliza. "Anko, inapoganda unakuwa unafanya nini?"

Nikanyamaza. Swali la aibu hilo.

"Sifanyi kitu," nikasema.

"Kitu gani cha mwisho?"

"Nakuwa nimepumzika kidogo. Nawaza."

"Hapo hapo!" akapiga kelele.

Akanieleza. Prosesa ikikosa kazi, hailali usingizi wa aina moja. Kuna kusinzia, kuna kulala, kuna kulala fofofo, ngazi kwa ngazi, ili kutunza betri. Sasa hizi prosesa za bei poa za miaka ile zina ugonjwa unaojulikana. Linux ikizipeleka usingizi mzito, baadhi haziamki. Ni yule mlinzi wetu wa usiku, jirani. Geti likigongwa kila dakika, yuko macho. Mtaa ukitulia robo saa tu, hata nyumba ibebwe na tofali zake. Fundi aliigonga mchana kutwa, ikabaki macho. Mke wangu anaigonga kwa vidole kumi. Mimi naandika neno, naangalia dari, naandika neno. Nailaza mwenyewe kwa mikono yangu.

Kwa hiyo mashine haikuwa na chuki na mimi. Ilikuwa inaniambia kasi yangu. Sijui kipi bora.

Dawa yake ni kuikataza kulala sana. Unaiwasha, ikifika pale penye menyu ya kuchagua unabonyeza herufi E, unatafuta mstari ulioanza na linux, unakwenda mwisho wake baada ya yale maneno quiet splash, unaacha nafasi, unaandika amri inayoishia na max_cstate=1, unabonyeza F10. Nikakosea nafasi. Nikarudia. Nikaandika l badala ya 1, maana kwa miwani hii ni mapacha. Nikarudia. Ikawaka. Nikakaa mbele yake bila kufanya lolote, kazi ambayo naiweza kuliko zote, na mke wangu akipita ananiuliza unafanya nini, nikasema naipima. Ikafika usiku wa manane, mshale ukiusukuma unatembea.

Ila hiyo ni ya kuwasha mara moja tu, ukizima inasahau. Ili idumu uingie kwenye faili liitwalo /etc/default/grub, uandike humo, halafu uamuru sudo update-grub. Nikaandika sudo. Inataka nywila. Nabonyeza, hakuna kinachotokea. Si nyota, si nukta, hakuna. Nikajua kibodi imekufa. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikaipuliza. Nikachukua ufutio. Nikampigia kijana nikamwambia sasa imeharibika kabisa. "Anko," kwa ile sauti wanayotumia kwa babu zao, "nywila hapo haionekani. We andika tu, piga enta." Sasa mtu anaandikaje kitu asichokiona? Nikaandika gizani. Ikakubali. Nikajiona nimefika angani kwa nauli yangu mwenyewe.

Haigandi tena. Betri ndiyo imekuwa nyepesi, maana asiyelala anakula. Zamani ilikuwa inanifikisha adhuhuri, sasa saa nne ya asubuhi inalia njaa, na umeme wetu unaujua.

Lakini kuna la saa. Mpwa alilisahau. Windows inaichukulia saa iliyo ndani ya mashine kuwa ni saa ya hapa hapa. Ubuntu inaiweka kwa saa ya dunia, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo ukitoka Ubuntu ukaingia Windows bila bando la kuirekebisha, saa inakuwa imerudi nyuma kwa saa tatu. Na sisi Waswahili tayari tuna hesabu yetu pale. Kioo kinasema saba, wewe unajua ni saa moja. Sasa uongeze tatu kwanza halafu utoe sita? Mtu hajanywa hata chai!

Mimi ni mwekaji orodha wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani yetu wa nyuma. Bajeti iko upande wa Windows. Jumamosi nikaifungua kuimalizia, kioo kinasema 14:10. Saa nane na dakika kumi. Kikao saa kumi na moja. Simu haina chaji, iliisha kwa kumsikiliza Dodoma. Nikasema nina muda tele, ngoja nijinyooshe mgongo.

Nilipofika ukumbini viti vinakunjwa. Soda zimekwisha, hata zile za tangawizi ambazo huwa hazina mwenyewe. Mwenyekiti akanitazama, akamtazama katibu. Katibu akafungua kanuni, akasoma kwa sauti ili na waliokuwa nje wasikie: atakayechelewa, elfu tano, asiyetokea bila taarifa, elfu kumi. Wakajadiliana mimi ni yupi. Nikaanza kuwaeleza habari za saa ya dunia. Wakakubaliana ni elfu kumi.

Halafu katibu akanikabidhi flashi, niongeze jina langu kwenye orodha ya wadaiwa, nilete karatasi kikao kijacho. Nimerudi nyumbani, nimewasha Ubuntu, nimeandika jina langu lote na la baba. Nilipofika kwenye kiasi nikaacha kuchapa. Nikaweka mikono mapajani, nikaangalia dari, nikaipa nafasi yote ya kulala. Nikahesabu mabati. Nikakohoa. Nikachungulia.

Ng'o. Iko macho, mshale unanikonyeza tu, unasubiri nijaze.