Jinsi ya Kumpokea Zeus Kakuma

Ukitaka kuchora miungu ya Kigiriki kuwa mashujaa wa katuni, na makao yako ni Lodwar, anza kwa kuwavua joho. Najua mashujaa wote huvaa joho linalopepea mgongoni. Kwa upepo wa huku, joho litamfunika shujaa uso kabla hajamwona adui, na likiachwa lipepee litanaswa na miiba ya mathenge, hadithi iishie ukurasa wa pili. Mpe shuka. Tazama sanamu za kale za Ugiriki: Zeus amejitanda kitambaa, bega moja liko wazi, ndevu zimejaa. Mshikishe fimbo, mpitishe hivyo hivyo sokoni Lodwar na hakuna atakayegeuza shingo, ila mzee mmoja atauliza mwenzetu huyu kaacha wapi ekicholong yake. Basi mchoree kigoda hicho. Mungu asiye na pa kukalia, wala pa kuegemeza kichwa adhuhuri, hataheshimika.

Pili, usijione mvumbuzi. Wamarekani waliifanya kazi hii zamani, tena kwa vurugu. Mwaka 1940 walimtoa kijana Billy Batson, ambaye akitamka Shazam anageuka pandikizi la mtu. Nguvu zake ni za kuchangiwa: hekima ya Sulemani, misuli ya Hercules, ustahimilivu wa Atlas, uwezo wa Zeus, ujasiri wa Achilles, mbio za Mercury. Hebu hesabu. Sulemani kaingizwa kwenye kikao cha Wagiriki bila hata kuulizwa, na Mercury ni Mrumi. Hakuna msomaji aliyedai pesa zake. Mwaka uliofuata William Moulton Marston akamleta Wonder Woman, binti wa malkia wa Amazoni, akampa mungu wa vita kuwa adui. Mwaka 1965 Stan Lee na Jack Kirby wakamtoa Hercules kwenye hekaya akazichape na Thor, mungu wa Skandinavia, watu ambao katika vitabu vya kale hawakuwahi hata kusalimiana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Zeus hana biashara Turkana, mwonyeshe orodha hii.

Tena hao hao walikwishafika kwako bila hodi. Ramani za kampuni ya katuni ya Marvel hazikubaliani Wakanda, nchi yao ya kubuni, iko wapi hasa, lakini mojawapo inaichora kando ya Ziwa Turkana, katikati ya Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini. Yaani nchi yenye teknolojia kuliko zote duniani iko hapo jirani, nawe bado unangoja bauza la maji. Na yupo Storm, aliyezuka mwaka 1975: kabla hajaitwa na kundi la X-Men, alikuwa Kenya akiabudiwa kama mungu wa kike anayeshusha mvua. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Ama alikuwa akipita usiku tumelala, au alikuwa na ratiba yake ya kaunti nyingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Kosa la wachoraji wengi ni kuwaleta miungu kwa kishindo: wingu linapasuka, radi inapiga, Zeus anashuka. Usithubutu. Walete kambi ya wakimbizi ya Kakuma, juu ya lori, wakiwa wamechoka na hawana hati hata moja. Na usiogope kwamba unabuni mno, kwa maana kisheria Zeus ana kesi nzuri. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamlinda anayekimbia mateso kwa sababu ya dini, na Kaisari Theodosius alipiga marufuku sadaka za miungu ya kale mwanzoni mwa miaka ya 390. Mahekalu yakafungwa, ng'ombe wa kafara wakakoma. Kachelewa kuleta maombi kwa karne kumi na sita tu. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliotembea hadi miguu ikapasuka, na tangu hapo imepokea Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Kwa nini isipokee ukoo kutoka Olympus?

Ukurasa wa usajili ndio moyo wa kitabu. Upe nafasi, usiubane kwenye vijisanduku vinne.

"Karibu, mzee. Jina?"

"Zeus, mwana wa Cronus."

"Baba yu hai?"

"Nilimfunga kuzimu."

Karani haandiki hilo. Anamtazama tu. "Mke?"

Hapo Hera anasogea mbele na kukunja mikono. Zeus anakohoa.

"Watoto wangapi, mzee?"

Mchore Zeus akihesabu vidole vya mikono, kisha avue viatu. Apollo na Artemi, mama yao Leto. Hermes, mama yake Maia. Perseus, Hercules, Minos, kila mmoja na mama yake. Athena alitoka kichwani, Dionysus pajani, na fomu ina nafasi ya mama peke yake. Tangu dunia iumbwe, Zeus amekuwa akiwaficha watoto hawa. Leo, kwa mara ya kwanza, anagundua kwamba ukubwa wa familia ndio unaoamua mgao wa chakula, na anaanza kuwakumbuka mmoja mmoja kwa mapenzi makubwa. Hera anakataa kutia sahihi. Kwangu mimi, pambano hili ni kali kuliko lolote ambalo Kirby alichora, na halihitaji hata ngumi moja.

Chakula nacho ni mtihani. Miungu hula ambrosia. Mwaka 2015 Kakuma ililetewa Bamba Chakula, pesa ya chakula iliyoingia kwenye simu na kutumika kwa wenye maduka walioidhinishwa. Dukani kuna unga, maharagwe, mafuta na sukari. Ambrosia haipo, na mwenye duka, mama kutoka Bukavu, hamkopeshi mtu kwa sababu eti anatingisha milima. "Baba, hata mimi natingisha kiberiti," atamwambia. Usilikwepe jambo la mwaka 2025, wafadhili walipofunga mifuko, mgao ukashuka vibaya na watu wakaandamana. Mweke Zeus kwenye foleni siku hiyo, na radi mkononi. Msomaji atataka kujua kama atairusha, na kama ataamua kuirusha, basi amrushie nani, maana waliokata mgao hawaishi Kakuma. Waandishi wa Marekani huhangaika kumtafutia shujaa udhaifu: jiwe la kijani, sijui kisigino. Wewe udhaifu umeletewa bure. Ni karatasi.

Hermes usimpotezee muda. Ana viatu vyenye mbawa, anataka kwenda Lodwar, kilomita kama 120, na hana kibali cha kutoka kambini. Picha tatu zinatosha: anaruka, anasimamishwa kizuizini, anarudi kwa miguu.

Kwa Olimpiki, hata hivyo, tulia. Zeus lazima ajigambe kuhusu Olympia, kwa kuwa michezo ile ya kale ilifanywa kwa heshima yake. Mruhusu ajigambe ukurasa mzima, akisimama juu ya ekicholong. Kisha kijana mmoja wa Kakuma amuulize polepole alimaliza nafasi ya ngapi. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipoingia uwanjani Rio, ilikuwa na wanariadha kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Rose ndiye aliyebeba bendera. Zeus amekaa kwenye kiti cha enzi tangu Homer azaliwe na hajakimbia hata mita mia. Hapa ndipo kijitabu chako kinapowashinda Marvel na wenzao wa DC, kwa sababu wao wana miungu wanaocheza kuwa binadamu, na wewe una binadamu waliokwenda kwenye sikukuu ya mungu wakiwa wamevaa viatu vya mbio.

Poseidon atadai bahari. Mpe Ziwa Turkana, alalamike kwamba maji yana magadi, na aelezwe kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na mto Omo, kwa hiyo akitaka kuyapandisha au kuyashusha aende akazungumze na Addis Ababa kuhusu bwawa la Gibe III. Mamba hawatamjali. Akianza kutisha watu kwa kupasua mawimbi, wavuvi wa Kalokol watamsimulia habari za Lokerio, yule emuron, yaani mwaguzi, mashuhuri wa zamani, ambaye yasemekana aliyapiga maji ya ziwa kwa fimbo yakagawanyika, vijana wakavuka kwenda kuteka ngamia. Poseidon anarudisha mkuki wake wenye meno matatu kwenye gunia.

Medusa hana kazi. Kwenye njia ya kwenda Kalokol kuna mawe ya Namoratunga, ambayo masimulizi yanasema walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Nafasi hiyo imejazwa. Apollo pia mwache nyumbani, jua tunalo.

Prometheus mchore kwa tahadhari. Mtu aliyefungwa mbali kwenye miamba kwa kuwapa watu moto ambao wakubwa hawakutaka wautumie: wasomaji wa Lodwar watamkumbuka mara moja Jomo Kenyatta, aliyefungwa Lokitaung kisha akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Watakuuliza yule tai wa kumla ini yuko wapi, na nani alikula ini la nani baada ya uhuru. Mimi nisingejibu.

Sasa nisikilize kwenye jambo moja ambalo sina mzaha nalo sana. Usimchore Akuj, Mungu wa Waturkana. Huko mbinguni anajulikana kwa mvua yake au kwa kuizuia, na hapa chini huzungumza kupitia emuron, katika ndoto, katika viatu vinavyorushwa chini na kusomwa, katika matumbo ya mbuzi. Ukimchora na misuli utakuwa umemshusha cheo hadi kwa Hercules. Mwonyeshe kwa anga tupu, kijisanduku kisicho na kitu, na uwe na uhakika mchapishaji hatakirudisha akidhani ni kosa la uchapaji.

Zeus, mwenye radi, atataka kukutana naye, wakubwa kwa wakubwa. Mpeleke kwa emuron. Huyo atamsalimia vizuri, "Ejoka," atarusha viatu vyake, ataviangalia kitambo, kisha atamwambia arudi na mbuzi, tena wa rangi fulani, si huyo aliyemwona njiani. Ukurasa huu uchore bila maneno. Zeus amepokea ng'ombe wa watu tangu zama za Troy. Hajawahi kutoa hata kuku. Sasa anatembea kando ya laga ya Tarach akitafuta mbuzi, bonde lile lile ambalo, kwa masimulizi ya wazee, vijana wa kabila la Jie walilifuata wakimsaka fahali aliyepotea wakamkuta bibi Nayece akichuma matunda ya porini. Kama una ujasiri, mweke bibi huyo pale, na asimuulize mgeni jina. Ampe tunda na kumwonyesha njia. Ares, mungu wa vita, akipendekeza waibe mbuzi usiku, akumbushwe kwamba uvamizi usiobarikiwa na emuron ni wizi tu.

Kuhusu lugha, Zeus azungumze Kiswahili alichofundishwa na majirani, chenye ladha ya Kongo ndani yake na Kiarabu cha Juba pembeni. Usimpe Kiswahili cha redio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huku mpe jerikeni, asimame bombani kama wengine.

Ukimaliza, usikimbilie Nairobi. Subiri tamasha la Tobong'u Lore, watu wakijaa Lodwar, ukae chini ya mti na wazee uwasomee kitabu chote kwa sauti. Wakicheka kwenye ukurasa wa usajili, peleka kiwandani. Wakisema Zeus anaongea sana, futa maneno yake, na ulipie chai.