Viini Vinane, Kazi ya Mmoja

Hongera kwa jirani yangu wa steshenari hapa Choma, Igunga: kanunua kompyuta ya viini 8 vya prosesa, na kibandiko hajakibandua ili wateja tusome. Nilimpelekea barua ya ukurasa mmoja aichape. Kiini kimoja kikahema, saba vikapiga soga, na diski kuukuu ikazunguka kama jiwe la kusagia. Programu yake ya kale humwita kibarua mmoja tu.

Mkoa wetu wa Tabora ungemfunza bure. Wapagazi wa Kinyamwezi walipoongezeka, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, pembe nyingi zaidi za ndovu zilifika Bagamoyo. Lakini barua moja, hata ukiwakabidhi wapagazi 100, itafika siku ileile. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, aliliona hilo kihesabu: nusu ya kazi isipogawanyika, leta hata viini 1,000, kasi haitafika mara mbili.

Basi, jirani, mwakani nunua ya viini 16. Maharage hayaivi upesi kwa wingi wa wapishi, ila foleni itakuwa na cha kusoma.