Baraza la Ardhi na Panya

Nyumba iko Sinza, Dar es Salaam, kwenye kiwanja kilichopimwa miaka ya 1970 katika ule mradi wa viwanja uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia. Ina vyumba sita, fremu moja ya duka kwa mbele, vyumba vitatu vya wapangaji uani, na marehemu mmoja ambaye jina lake bado liko kwenye kila karatasi. Leo asubuhi warithi, mjane, mjomba aliyetoka Tanga na shemeji ambaye hakuna aliyemwita wamejazana kwenye Noah kwenda Temeke, kwenye Kituo Jumuishi kinachosikiliza mashauri ya mirathi na ndoa. Nyumba imebaki na wakazi wake wa kudumu.

KUNGURU (anatua ukingoni mwa ukuta): Hodi! Wenyewe mpo? Nimepata mteja. Milioni mia tatu, anataka kuvunja ashushe ghorofa.

MITA: Wenyewe wamekwenda kuulizia wenyewe ni nani. Kama una shida ya kiofisi, nieleze mimi.

KUNGURU: Wewe si mita ya LUKU?

MITA: Nilikuwa mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inapita kwangu, kwa hiyo nina hadhi. Nyumba ya kawaida nilianza nayo kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500. Ghorofa ilianza 5,000, ikawa 7,500. Sijawahi kubisha mlango wa mtu wala kuambiwa baba katoka.

MAMA PANYA (anachungulia kutoka stoo): Na hapa baba katoka kweli. Tangu 2019.

MITA: Hilo halikuniathiri. Tangu nianze kazi hii marehemu hajakosa hata mwezi mmoja. Sina mlipakodi mtulivu kama yeye.

KUNGURU: Safi sana! Basi nitamwonyesha mteja risiti za LUKU. Mtu amelipia nyumba miaka yote hiyo, nani atasema si yake?

SAUTI (kutoka ng'ambo ya ukuta): Risiti ya kodi si hati, kijana.

KUNGURU: Nani huyo anaongea kwenye banda la kuku la jirani?

MAMA PANYA: Mzee Bikoni. Jiwe letu la mpaka.

KUNGURU: Shikamoo mzee. Mbona uko huko?

BIKONI: Marahaba. Mimi sijasogea hata inchi moja. Wapima ardhi walinizika hapa na chuma changu na namba yangu. Mwaka 2009 marehemu akiwa msibani Tanga, jirani akajenga ukuta, akanipitia kwa ndani. Siku hizi natagiwa mayai.

MITA: Aliyenunua umeme ndiye mhusika. Mambo ya mpaka hayapo kwenye mfumo.

BIKONI: Ndiyo tatizo lako, Mheshimiwa. Unamjua anayelipa, humjui mwenye mali. Mpangaji wa uani ana mita yake, analipa umeme, anakatwa na kodi ya jengo. Je, chumba kimekuwa chake?

MITA: Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa, wamalizane kwenye pango. Na nyumba ya kawaida yenye mita zaidi ya moja inatakiwa ilipiwe kwenye mita moja tu. Waende TRA wakaeleze.

MAMA PANYA: Wamalizane! Yule kijana wa chumba cha pili alimwambia bi mkubwa ampunguzie hiyo 1,500 kwenye pango. Bi mkubwa akamjibu, "Mwanangu, umeme si unawaka kwako?" Mjadala ukaishia hapo.

MITA: Bi mkubwa mwenyewe ana umri gani?

MAMA PANYA: Sabini na mbili.

MITA: Angekuwa anaishi peke yake bila kupata kipato kwenye nyumba, angeomba msamaha. Mwenye miaka 60 na zaidi anasamehewa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Lakini hii ina fremu na wapangaji. Haingii.

BIKONI: Na kwa sasa si yake, ni ya mirathi. Ila akipewa, tabu itaanza palepale. Akiwafukuza wapangaji ili asamehewe 18,000 kwa mwaka, atakosa pango la kununulia dawa.

KUNGURU: Jamani, mteja hana haja na dawa. Anauliza swali moja: kuna deni?

MITA: Kwangu hakuna deni. Nyumba iko safi.

BIKONI: Kwako, ndiyo. Na kodi ya ardhi?

MITA: Hiyo si yangu.

BIKONI: Umesikia, kijana? Mtaa mzima unadhani ukishakatwa kwenye LUKU umemalizana na serikali. Mita anatoza jengo. Ardhi iliyo chini ya jengo ina kodi yake ya pango, kila mwaka, kwa mita ya mraba, na inalipwa Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo. Usipolipa wanaandika hati ya madai, wanakupeleka barazani, na milki inaweza kufutwa. Serikali imewahi kusamehe riba ya malimbikizo. Hapa hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakuna aliyejua anadaiwa.

MAMA PANYA: Barua zilikuja. Laini, zenye nembo. Nilikuwa mjamzito.

(Hapa msomaji asimlaumu Mama Panya peke yake. Barua hizo zilikaa juu ya kabati miezi minane kabla hazijateremshwa stoo, na wakati wote huo katika nyumba ile walikuwamo watu watano wanaojua kusoma.)

KUNGURU: Deni tutalikata kwenye bei. Hati ipo?

MAMA PANYA: Hati hakuna. Kuna ofa, kwenye sanduku la bati, chini ya suti ya harusi. Naijua vizuri, naitandika.

KUNGURU: Ofa inatosha. Isome.

MAMA PANYA: Kona moja nilishaila, lakini pa muhimu pamebaki. "Kwa muda wa miaka 33, kuanzia tarehe moja Julai 1978."

Kimya kinapita uani. Hata kuku wa jirani wananyamaza.

KUNGURU: Themanini na nane... tisini na nane... elfu mbili na nane...

BIKONI: Ilikwisha 2011. Marehemu mwenyewe alikaa miaka minane ya mwisho wa uhai wake bila kujua.

KUNGURU: Sasa hiki kiwanja ni cha nani?

BIKONI: Cha yule ambaye kimekuwa chake siku zote. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini. Binadamu anapewa haki ya kuitumia kwa muda: 33, 66, ukibahatika 99. Halafu anajenga, anapaka rangi, anaandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi", na anasahau kwamba kuna kalenda. Muda ukiisha, aliyekuwa akiishi hapo na kutimiza masharti ndiye wa kwanza kupewa upya. Lakini lazima aombe. Na mojawapo ya masharti ni hiyo kodi aliyoila Mama Panya.

MITA: Nataka iingie kwenye kumbukumbu kwamba tangu 2021 nimekusanya kodi ya jengo lililo juu ya kiwanja ambacho muda wake umekwisha, na mfumo haujawahi kuniuliza.

BIKONI: Utakuulizaje? Kumkuta anayedaiwa, serikali ina waya hadi chumbani. Kujua nani ana haki, inamsubiri aje mwenyewe na picha mbili za pasipoti.

KUNGURU: Wazee wangu, mnakuza mambo. Tutaandikishana serikali ya mtaa. Mwenyekiti anagonga muhuri, anachukua asilimia kumi yake, biashara imekwisha.

BIKONI: Asilimia kumi kwa sheria ipi?

KUNGURU: Kwa mazoea.

BIKONI: Kiwanja kilichopimwa hakihami kwa mazoea. Kinataka idhini ya Kamishna wa Ardhi, kinataka mthamini, kinataka kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Muhuri wa mtaa utampa mteja wako kumbukumbu nzuri ya siku aliyotoa hela.

KUNGURU: Mimi nachukua kumi yangu, mtaa kumi yake...

MITA: TRA kumi, juu ya faida ya mauzo, kwa mkazi.

MAMA PANYA: Na kanisani kwa mjomba kuna fungu la kumi. Hata balozi enzi zile alikuwa wa nyumba kumi. Nchi hii ina mapenzi gani na hii namba?

KUNGURU: Ya TRA ina dawa. Tunaandika mikataba miwili. Wa TRA milioni themanini, wa kweli mia tatu.

BIKONI: Mthamini wa serikali atakuja na kutazama kwa macho yake. Kodi itafuata thamani aliyoipitisha, hata ungeandika shilingi mia. Halafu siku mauzo yakivunjika, mteja wako ataomba baraza limrudishie mia tatu huku mkononi ana karatasi ya themanini aliyoitia saini mwenyewe. Mkataba wa pili ataukimbia kama ukoma, maana ukitolewa hadharani unamfunga.

KUNGURU: Mzee, wewe ni jiwe au wakili?

BIKONI: Nimezikwa karibu na wakili. Huyu jirani ni wakili.

MAMA PANYA: Ndiyo maana ukuta wake umesimama. Lakini samahani, faida inahesabiwaje? Risiti za saruji, za mabati, za fundi, zote nilizila mwaka juzi. Sitaki watoto wa watu waumie kwa ajili yangu.

MITA: Subiri. Sheria ya Fedha ya 2023 ilimpa njia mtu asiye na kumbukumbu za gharama: analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni mia tatu, hiyo ni milioni tisa. Mwenye risiti angetozwa asilimia kumi ya faida, na kwa nyumba ya mwaka 1978, ambayo mfuko wa saruji ulinunuliwa kwa hela ya vitumbua vya leo, faida inakaribia bei yote. Milioni thelathini, pungufu kidogo.

MAMA PANYA: Kwa hiyo siku ile sikuwa nakula. Nilikuwa nashauri.

KUNGURU: Mama, nikupe kadi yangu tufanye kazi pamoja?

MITA: Usisahau ushuru wa stempu, asilimia 1, huo anaulipa mnunuzi. Hati isiyolipiwa stempu haipokelewi kama ushahidi. Na ile fremu ya mbele? Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia kumi ya pango na kuipeleka TRA.

MAMA PANYA: Nalala dukani kwake Jumapili, namsikia. Laki tatu kwa mwezi, mkataba wa mwaka. Akasema atakata kumi ya TRA, mtoto mkubwa wa marehemu akasema, "Mimi nataka laki tatu yangu kamili, ya TRA ni yako na TRA." Basi analipa kodi ya mwenye nyumba kutoka mfukoni mwake, halafu anaongeza bei ya sukari. Mwisho anayelipia fremu ile ni bi mkubwa, akituma mtoto dukani.

KUNGURU: Haya, tufike mwisho. Warithi wako tayari kuuza?

MAMA PANYA: Wawili wako tayari, mmoja anataka agawiwe vyumba vya uani. Bi mkubwa hataki kusikia. Marehemu aliwahi kutaka kuuza, bi mkubwa akaenda kuulizia, akaambiwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Akarudi akaitundika habari hiyo kichwani kwa mzee hadi anakufa. Na wiki iliyopita amepiga simu mama mmoja wa Mbagala, anasema ana watoto wawili na cheti.

KUNGURU: Cheti cha nini?

MAMA PANYA: Cha ndoa.

KUNGURU (anakunja mabawa): Hilo mteja asilisikie. Msimamizi wa mirathi akipatikana leo, si anaweza kusaini?

BIKONI: Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani. Mwenye mali siye yeye. Wengi wakishapewa barua ile wanaanza kubadilisha kufuli.

MITA: Na wewe, mzee, ukuta wako?

BIKONI: Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ukuta ni wa 2009. Bi mkubwa alilalamika kila mwaka, kwa mjumbe, kwa mama wa genge, kwa shehe. Barazani hakwenda. Siku hizi Baraza la Kata linasuluhisha tu, uamuzi uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko swali la kwanza litakuwa tarehe.

Noah inaingia. Wanashuka bila kuongea, isipokuwa shemeji, anayeeleza jinsi ambavyo yeye angelifanya. Shauri limeahirishwa: kwenye ofa marehemu ana majina mawili, kwenye cheti cha kifo ana matatu, na moja halifanani. Waende wakaape kiapo cha majina, warudi. Mtoto mdogo anaona giza sebuleni, anatoa simu, ananunua umeme wa shilingi 5,000 na kubonyeza tarakimu zote 20.

MITA: Elfu moja mia tano ya kodi ya jengo kwanza. Kisha VAT, REA 3, EWURA 1. Kinachobaki ndiyo umeme. Asante, marehemu.

KUNGURU (anaruka): Nitarudi mwezi ujao. Mteja nampeleka Goba, kuna kiwanja hakijapimwa kabisa, hakina matatizo.

MAMA PANYA (kwa msomaji): Nawe uliyeweka ofa ya marehemu baba yako sandukuni, itoe leo uisome muda wake na utazame jina lililoandikwa. Ukimaliza iweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko, kwa sababu mwezi ujao ninazaa tena.