Bando Lako, Shughuli ya Wengine

Mxiuuu! Ati programu ya bure. Sogeeni hapa wazee, niwaeleze bure yenyewe ilivyo.

Uingereza, mwisho wa 2007. BBC wanazindua iPlayer: kipindi kikikupita, unakishusha kwenye kompyuta na kukitazama kwa nafasi yako. Watu wakafurahi. Kumbe ndani mlipachikwa kidude kinaitwa Kontiki. Ukishashusha kipindi, kompyuta yako nayo inageuka msambazaji, inawarushia wengine vipande vya kipindi hicho kupitia laini yako. Umefunga programu? Kontiki haina habari na wewe, inaendelea kupakia.

Pigeni hesabu. Mtu kalipa leseni ya televisheni, pauni 135.50 kwa mwaka. Kalipa kampuni ya intaneti. Bado anabebeshwa usambazaji ambao BBC ingeulipia kwenye seva zake! Umealikwa pilau, umechangia mchele, na masufuria unasukumiwa uoshe.

Kampuni za intaneti nazo zikaja juu: mtandao unaelemewa, BBC ichangie gharama! Aka! Zilezile zilizouza vifurushi "visivyo na kikomo", kikomo kimefichwa kwenye maandishi madogo. Wakubwa wanazozana, mwenye laini haulizwi.

Na akiamua mwenyewe kugawa? Marekani, mwaka huohuo, kampuni ya intaneti Comcast ilinaswa ikivuruga BitTorrent, njia ya watu kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta. Ilikuwa inapenyeza ujumbe wa kughushi, kila kompyuta idhani mwenzake ndiye aliyekata. Ikakana kwamba inazuia. Mwaka 2008 tume ya mawasiliano, FCC, ikaiamuru iache. Mwaka 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na mamlaka hayo. Haya!

Msicheke, yapo hata hapa kijiweni. Windows 10 ilipotoka 2015, toleo la nyumbani lilikuja limeshawashwa kugawa masasisho kwa kompyuta za watu usiowajua. Nawe wa bando la wiki, umewahi kuingia kwenye mipangilio ukauzima ugawaji huo? Au angalau ukaiambia Windows kwamba laini yako inapimwa, isipakie ovyo?

Kugawana kwenyewe hakuna ubaya: seva inapumua, faili linafika upesi. Kinachoniudhi ni changu kugawiwa watu nikiwa sina habari. Kitufe cha kugawa kije kimezimwa, niulizwe, nikikubali nikiwashe mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari wanalo wao, bili ninayo mimi. Nyoo!