Jinsi ya Kumiliki Beetle bila Kukosana na Majirani

Kwanza tafuta nyumba kwenye mteremko. Gari litafuata. Beetle kuukuu la betri ya volti 6 lina asubuhi zake, na asubuhi hizo ufunguo ni pambo tu. Liegeshe likitazama bondeni, tia gia ya pili, kanyaga klachi, achia breki ya mkono. Likichanganya kidogo, achia klachi. Kama umepanga tambarare, basi salimia mtaa mzima kila jioni, na uulizie hadi hali ya mbuzi. Anayepita kimya hapati wa kumsukuma saa kumi na mbili alfajiri.

Mgeni akifungua mbele kutafuta injini, usimkatize. Atakuta tairi la spea na tangi la mafuta, kisha atakutazama kwa huruma, akijua umeibiwa. Mzungushe nyuma taratibu. Akiuliza rejeta iko wapi, mwambie hakuna: injini hupozwa kwa upepo wa feni, na feni hiyo inazungushwa na mkanda uleule wa dinamo. Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, simama. Usiseme nyumbani ni hapo tu. Mkanda wa akiba ukae ndani ya gari daima, na ukiusahau, omba Mungu uwe na shemeji mwenye soksi ndefu za nailoni.

Ukibahatika kupata lililotengenezwa miaka ya 50, usihangaike kutafuta geji ya mafuta. Injini ikianza kukohoa, unapindua kijiti fulani miguuni na mafuta ya akiba yanafunguka. Raha tupu, ila ukishajaza tangi ukumbuke kukirudisha, maana mara nyingine itakohoa na akiba ulishainywa wiki iliyopita.

Suala la mjomba mnene linataka busara. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zikibonyea hadi kuigusa, moshi hutoka mahali ambapo mjomba hataki moshi utoke. Mwambie, "Mjomba, mkubwa hukaa mbele." Atafurahia heshima aliyopewa, na wewe utafika na viti vyako.

Maji ya kuoshea kioo, kwenye matoleo ya miaka ya 60, husukumwa na upepo wa tairi la spea. Wajerumani waliweka vali ili upepo usiishe wote. Mimi siiamini vali yenye umri wa babu. Ukipita Same wakati wa vumbi, futa kioo kwa kitambaa.

Ukipanda Kitonga na injini yako ya farasi 34, malori yatakupita. Yapungie mkono. Na mwenye Land Cruiser akikucheka, mkumbushe kwa upole nani alishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962. Asipoamini, mwache aendelee na safari. Hata hivyo humfikii.

Wazee waliokuwa nalo Tanzania ilipokataza magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa uhaba wa mafuta, watakwambia faida nyingine. Pilau ya ukweni ikinoga, unatoka nje, unafungua injini, unatikisa kichwa. Hakuna mkwe aliyebisha kwamba Beetle limeharibika. Unalala hadi Jumatatu.

Mwisho, ongeza nusu saa kila uendapo kituo cha mafuta. Tangu la mwisho litoke kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya mengine zaidi ya milioni 21, kila unaposimama hutokea mzee aliyewahi kuwa nalo. Atapapasa bawa la tairi, atakusimulia safari yake ya Tanga na watoto sita nyuma, kisha atauliza kama linauzwa. Jibu ni hapana. Kama limegoma kuwaka, jibu bado ni hapana, ila asiondoke kwanza: mikono yake inahitajika huku nyuma.